Mwanadada Hajachubuka, Ni Waya wa Laptopu! Dogo wa Rangi Alipwe Chake

Wiki nzima mjini hakuna stori nyingine. Mwanadada wa Bongo Fleva, yule wa nywele fupi na sauti nzito, kaachia video mpya Ijumaa usiku. Kufika Jumamosi asubuhi hakuna aliyekuwa anaongelea ngoma. Watu walikuwa wanaongelea uso wake.

"Dada na wewe umeanza mkorogo?" Hiyo ndiyo komenti iliyoongoza. Nyingine zilikuwa mbaya kuliko hiyo na hazifai kurudiwa hapa. Kuna waliochukua picha yake ya zamani wakaibandika pembeni ya picha ya video, wakaandika "kabla na baada", na hiyo posti ikatembea kuliko video yenyewe.

Kinachouma ni kwamba ngoma inasifia weusi. Kiitikio kizima anajivunia rangi aliyopewa na mama yake. Halafu kwenye video anaonekana kapauka, ngozi imekaa kimajivu majivu, kama mtu aliyetoka kujipaka unga. Mtu anaimba "mimi mweusi" na uso unasema kitu kingine. Hata shabiki wa kweli lazima angeguna.

Jumamosi jioni mwanadada akaingia laivu akatoa povu. Alimrushia lawama dairekta, kwamba kamharibia sura mbele ya nchi nzima. Jumapili dairekta naye hakukubali kufa peke yake, akaposti vipande alivyopiga siku ya shuti, uso unaonekana vizuri kabisa, akaandika aulizwe mtu wa rangi. Mzigo wote ukamwangukia dogo mmoja ambaye jina lake hata halimo kwenye maelezo ya video, kijana anayegredi video za watu chumbani kwake. Inasemekana malipo yake ni laki tatu, nusu alipewa mwanzo, nusu ikazuiwa siku hiyohiyo.

Dogo alikaa kimya siku nzima. Baadaye akaweka picha moja tu kwenye stori yake bila maneno. Meza, laptopu, monita ya matangazo ya mtumba, na waya mmoja wa HDMI unaotoka kwenye laptopu kwenda kwenye monita. Wengi walisema ni kiburi, eti anaonyesha vifaa vyake wakati mwenzake analia. Lakini kwa wanaoijua hiyo kazi, picha ile ilikuwa maelezo tosha. Tatizo lilikuwa hapo hapo mezani, kwenye ule waya.

Monita si TV ya sebuleni

Kwanza ieleweke monita ya matangazo ni kitu gani, maana wengi wanadhani ni TV ndogo ya gharama. TV ya sebuleni kazi yake ni kukufurahisha. Inaongeza rangi, inang'arisha, inalainisha, ili ukiwa dukani Kariakoo uvutike nayo. Monita ya matangazo kazi yake ni kusema ukweli. Haiongezi wala haipunguzi. Picha ikiwa mbovu, unaiona mbovu.

Ukweli wenyewe una kipimo. Video ya kawaida ya HD inafuata kanuni inayoitwa Rec.709, ambayo dunia nzima inaitumia tangu miaka ya 90. Ndani yake kuna rangi zipi zinaruhusiwa na nyeupe iwe nyeupe ya namna gani, yaani ile ya mchana, D65. Juu yake mafundi wanaweka gama ya 2.4 na mwanga wa niti 100, kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Ukishapanga hivyo, unachokiona Dar ndicho atakachokiona mtu wa rangi aliyeko Lagos au London, mradi na yeye kapanga hivyohivyo.

Kwa hiyo dogo kutafuta monita lilikuwa wazo zuri. Kajichanga, kanunua ya mtumba, na hapo anastahili pongezi, kwa sababu wenzake wengi wanagredi kwenye kioo cha laptopu huku dirisha liko wazi na jua la saa nane linapiga. Kosa likaja kwenye kuiunganisha.

Laptopu inaingilia mambo

Ukichomeka HDMI kutoka kwenye laptopu moja kwa moja, laptopu haijui kwamba hiyo ni monita ya kazi. Yenyewe inaona imepata kioo cha pili cha kompyuta, sawa na ukichomeka projekta ya ukumbi wa harusi. Picha inayokwenda kule si ile iliyotoka kwenye programu ya kugredi. Ni picha iliyopita kwanza mikononi mwa mfumo wa kompyuta, na kadi ya picha, na mipangilio ya rangi ya kioo, na kila mmoja kaweka mkono wake. Ni kama kumtuma mtoto ujumbe kwa jirani akapitia nyumba tatu. Ukifika, si ule uliotuma.

Kubwa kuliko yote ni suala la viwango. Kompyuta inahesabu mwanga kuanzia 0 hadi 255. 0 ni giza totoro, 255 ni nyeupe pee. Video za TV hazitumii nafasi yote hiyo, zenyewe nyeusi inaanzia 16 na nyeupe inaishia 235. Sasa laptopu ikituma kwa hesabu yake ya kompyuta na monita ikipokea kwa hesabu yake ya TV, kila kilicho chini ya 16 kinamezwa na giza, na kila kilicho juu ya 235 kinaungua kuwa nyeupe. Picha inakuwa nzito, giza linakuwa giza zaidi.

Hebu fikiria hiyo inamfanya nini msichana mweusi aliyepigwa picha usiku, pembeni ya bwawa la hoteli, taa moja nyuma yake. Uso wake wote unaishi kule chini, kwenye namba ndogo. Kwenye monita ya dogo uso ulikuwa unazama. Akafanya ambacho mtu yeyote angefanya, akaunyanyua. Akanyanyua tena. Akapunguza uzito wa picha mpaka kwake ikaonekana imekaa sawa. Lakini alikuwa anatibu ugonjwa ambao haumo kwenye picha, umo kwenye waya. Video ilipotoka na kufika kwenye simu za watu, ule uzito wa bandia haukuwepo tena. Kilichobaki ni kule kunyanyua. Ndiyo kupauka mnakokuona.

La pili ni dogo zaidi ila nalo lilichangia. Watu wa karibu wanasema laptopu ile ilikuwa na ile taa ya usiku imewashwa, inayofanya kioo kiwe cha njano njano ili macho yasichoke. Dogo anafanya kazi usiku kwa sababu mchana umeme na kelele za mtaani havimruhusu. Ile njano inakwenda hadi kwenye kioo cha nje. Yeye akaona uso una manjano, akavuta ubluu kuisawazisha. Changanya kunyanyua na ubluu, utapata nini? Majivu.

Yote haya yalithibitika Jumatatu. Dogo alibeba kazi yake kwenye diski, akaenda kwa mshkaji wake mwenye studio Mwenge ambako monita imeunganishwa inavyotakiwa. Walipoifungua tu, dada wa watu alitokea kapauka vilevile kama nchi nzima ilivyomwona. Inasemekana dogo alikaa chini sakafuni.

Inavyotakiwa ni hivi

Kati ya laptopu na monita panatakiwa kiboksi. Hicho ndicho kitu ambacho hakikuwepo kwenye ile picha. Kampuni ya Blackmagic Design ya Australia, haohao wanaotengeneza DaVinci Resolve ambayo vijana wengi wanaitumia ya bure, wanauza kidude kinaitwa UltraStudio Monitor 3G. Kinaingia mfukoni. Bei yake huko nje ni dola mia moja na kidogo, huku ongeza usafiri na faida ya muuzaji.

Kazi yake ni kuchukua picha moja kwa moja kutoka kwenye Resolve bila mfumo wa kompyuta kuigusa. Laptopu inakitambua kama mlango wa video, hakihesabiki kama kioo cha pili, kwa hiyo huwezi kuburuta dirisha la intaneti ukaliweka kule. Upande mmoja kinaingia kwenye laptopu, upande wa pili kina HDMI na SDI. SDI ndiyo ile ya kichwa cha BNC unachokizungusha hadi kinakaza, na monita nyingi za matangazo zinayo nyuma.

Hapa vijana wengi wanaumia, kwa hiyo zingatia. Tundu la kiboksi hicho lina umbo la USB-C, lakini linataka Thunderbolt. Laptopu yako inaweza kuwa na tundu la umbo hilohilo na isiwe Thunderbolt, na kiboksi kisifanye kazi kabisa. Angalia alama ya radi pembeni ya tundu, au soma maelezo ya laptopu, kabla hujatoa hela.

Ukishachomeka, unaweka programu ya Desktop Video, unaingia kwenye Resolve unachagua kiboksi chako kwenye sehemu ya kutolea video, halafu kwenye mipangilio ya mradi unaweka monita iendane na kazi. Kama ulipiga fremu 25, toa 1080p kwa 25. Viwango viwe vya video. Kwenye monita yenyewe chagua Rec.709, gama 2.4, D65.

Halafu usianze kazi. Rusha kwanza ile picha ya mistari ya rangi, Resolve inayo ndani. Chini upande wa kulia kuna vijistari vitatu vya giza. Cha mwisho kulia kionekane kwa shida, viwili vingine visionekane. Ukiona vyote vitatu, viwango au mwanga vimekosewa. Usipoona hata kimoja, vimekosewa upande mwingine, na hapo ndipo dogo alipokuwa. Ni kazi ya dakika moja. Hiyo dakika moja ingeokoa wiki nzima ya matusi.

"Si watu wanaangalia simu tu"

Hiyo ndiyo hoja ya mameneja wengi. Kwamba shabiki anaangalia kwenye simu iliyopasuka kioo, monita ya nini?

Jibu liko kwenye mizani ya dukani. Wateja wana vikapu vya kila aina, lakini mizani lazima iwe moja na iwe ya kweli. Simu moja ina njano, nyingine ina ubluu, ya tatu mwenye nayo kaipunguza mwanga kwa sababu chaji imeisha. Hakuna mtu anayeweza kuzifuata zote. Unachoweza ni kuweka kazi yako katikati, ili simu ikivuta kulia au kushoto isiende mbali. Ukianza tayari uko pembeni, simu inakumalizia.

Na kwa ngozi nyeusi hili ni zito zaidi. Miaka mingi picha za rangi zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Maabara za kusafishia filamu zilikuwa na kadi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, maarufu kama kadi za Shirley, na fundi alisawazisha rangi mpaka yule mama apendeze. Weusi wakatoka wanavyotoka. Leo vifaa vimebadilika. Moonlight, filamu iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka 2017, karibu waigizaji wake wote ni weusi, na ngozi zao pale zinang'aa bila mtu yeyote kupaushwa. Kwa hiyo haiwezekani tena kusema mweusi ni mgumu kupiga. Anayesema hivyo hajapima.

Kupima nako si lazima uwe na hela. Resolve ya bure ina vipimo ndani. Kuna kimoja cha mduara, vectorscope, chenye mstari wa ngozi. Ngozi za binadamu, mweusi au mweupe, zinaangukia karibu na mstari huohuo, tofauti ni mwanga na ukolezi. Kipimo hicho hakijali waya wala taa ya usiku, kinasoma picha yenyewe. Dogo angekitazama kingemwambia ubluu umezidi. Na hapa lawama yake ipo, isifichwe. Kuwa na monita kulimpa kujiamini akaacha kuangalia vipimo, na hakumuuliza mtu mpaka mambo yalipoharibika.

Lakini lawama yote iwe yake?

Haiwezekani. Angalia bajeti ya video ile. Kuna gari la kifahari la kukodi ambalo linaonekana sekunde chache. Kuna droni. Kuna hoteli. Kuna mabinti sita wa kucheza na nguo zao. Rangi, kitu cha mwisho kabisa kinachoamua kama hivyo vyote vitaonekana, ikapewa kijana wa laki tatu na usiku mbili za kufanya.

Dairekta naye aeleze kitu kimoja. Kazi iliidhinishwa vipi? Stori ya mjini ni kwamba dogo alituma kipande kwa WhatsApp saa saba usiku, dairekta akiwa kiota fulani cha starehe, akakitazama kwenye simu huku taa zinazunguka, akajibu kwa dole gumba. WhatsApp inaibana video mpaka inachoka. Kama ndivyo ilivyokuwa, dairekta hakuidhinisha rangi, alimruhusu dogo aende akalale. Baadaye anaposti vipande vyake kuonyesha kuwa mikono yake ni misafi. Bosi wa namna hiyo anavuna sifa kazi ikipendeza, ikiharibika anamtafuta mdogo wa kumbebesha.

Mwanadada kwa upande wake ana haki ya kuumia. Hakuna msichana anayestahili kuitwa mchubuaji na watu laki kadhaa kwa kosa la waya. Ila povu lake lilitua kwa watu kabla hajauliza kilichotokea, na nusu ya malipo ikazuiwa kabla hajasikia upande wa pili.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi laivu. Video iliyorekebishwa ipo tayari. Dogo na mshkaji wake wa Mwenge waliifanya upya Jumatatu usiku, bure, na waliobahatika kuiona wanasema dada katokea mweusi wa kung'aa, vilevile ngoma inavyosema. Kwa nini haijapandishwa? Kwa sababu YouTube hairuhusu kubadilisha video na kubaki na anwani ileile na namba zilezile. Lazima uifute au uifiche, upandishe nyingine, uanze sifuri. Na ile stori ya mkorogo imeleta watazamaji kuliko ngoma yoyote ya mwanadada huyo. Meneja anazitazama namba, anasema tusubiri kidogo.

Hapo ndipo penye aibu ya kweli. Dogo alikosea kwa kutojua, na alipojua alirekebisha ndani ya siku moja. Meneja anajua, na anaacha msanii wake atukanwe kwa sababu matusi yana watazamaji. Kila siku video ile inayokaa juu, kuna binti wa kidato cha pili anayeimba ule wimbo wa weusi huku anaamini aliyeuimba kajichubua.

Video ishushwe, namba zitarudi kama ngoma ni kali, na ngoma ni kali. Dogo apewe laki moja na nusu yake na jina lake liandikwe kwenye maelezo. Na lebo ikikodi gari la shoo kwa video ijayo, ipunguze siku moja tu ya hilo gari, inunue kiboksi.

Wewe unaonaje, nani alipe hapa: dogo wa rangi, dairekta au meneja? Funguka hapo chini, bila matusi.